Majitu ya Plastiki na Mkono wa Baba

Mama yangu hupenda kuwaambia wageni kwamba nyumba yetu ina wanaume wengi wasio na kazi, halafu huwaelekeza kwenye kabati la vioo. Humo, mahali ambapo nyumba nyingine za Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Kongo, huweka sahani za harusi na maua ya kitambaa, yamesimama majitu yangu. Ni masanamu ya plastiki ya wapiganaji, marefu kufikia goti la mtu mzima, na kila moja limeungwa kwa vipande ambavyo unaweza kuvitenganisha vyote na kuvirudisha tena. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimevuka miaka arobaini, na sioni haya. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.

"Bengine banazalaka batoto," mama husema, "huyu wangu anazalaka baplastiki."

Mengi niliyapata sokoni, kwa mama mmoja anayefungua marobota ya mitumba. Nguo huja juu, viatu katikati, na chini kabisa, kama makapi, huja vitu vya kuchezea vya watoto wa Ulaya waliokwisha kukua. Yeye huvimwaga juu ya turubai. Unachutama, unachakura: mkono hapa, kichwa pale, mguu umeingia ndani ya soksi. Nikichukua muda mrefu kugeuzageuza kipande, ananitania kwamba mchagua jembe si mkulima. Namjibu kwamba mimi kweli si mkulima, aniache nichague.

Sina ugomvi na watu wanaokusanya vigari vidogo au vile vitu vya kutosha kiganjani. Lakini tusidanganyane. Kidogo hupotea nyuma ya mto wa kochi, na mikono yake hupanda na kushuka tu, basi, hakijui lingine. Jitu kubwa ni habari nyingine. Mwisho wa mkono wake kuna kifundo cha mviringo, kama gololi ya kuchezea watoto, na begani kuna kikombe. Unasukuma gololi ndani ya kikombe, inalia *tak*, na tangu hapo mkono ule unaelekea popote unapotaka, na ukiuacha hewani unabaki hewani. Hicho ndicho nilichokuwa nikilipia. Jitu lisiloweza kushikilia mkono wake juu, nilikuwa nikisema, ni takataka yenye sura.

Halafu kuna uhuru wake. Mguu wa jekundu unaingia kwenye nyonga ya jeusi, na hakuna gundi, hakuna kosa lisiloweza kufunguliwa. Hata alama za meno nazipenda. Mtoto nisiyemjua, katika nchi ya baridi, alitafuna unyayo wa jitu langu moja mpaka ukaparara, na mimi sijaukwangua. Namfikiria mara nyingine, sasa ni mtu mzima, hajui kwamba meno yake ya utotoni yako kwangu.

Nikiambiwa nitaje ninayoyapenda kuliko yote, kwanza ni jeupe lenye mabega mapana. Ndilo pekee nililolikuta na vipande vyake vyote, ndani ya mfuko uliofungwa, na kwa wiki nzima nilikuwa nikirudi nyumbani mbio kulitazama. Kipya kinyemi ingawa kidonda, seuze kizima. La pili ni refu jeusi, ambalo mama alilipa cheo cha Sentineli kwa sababu lilisimama karibu na televisheni, na umeme ukikatika ni lenyewe tu halikulalamika. La tatu ni la kahawia, na hilo sikulipenda hata kidogo. Nililinunua mtaa wa Kasulo kwa mama aliyekuwa akiuza vyombo vyake kabla ya kuhama, maana uchimbaji ulikuwa umefika chini ya jiko lake. Nilimwonea huruma. Viungo vya jitu lenyewe vilikuwa vimelegea mno, ukilisimamisha, linakaa. Nilililaza chini ya kabati, nyuma ya pasi, nikalisahau.

Baba yangu hakuwahi kusema neno juu ya majitu. Alikuwa fundi wa mota za umeme mgodini, akisuka upya nyaya za shaba zilizoungua, na alipostaafu alikaa barazani na redio yake, ameridhika na dunia. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kwa ajili ya mgodi, na nyumbani kwetu mambo ya mezani yalibaki ya Kasai. Hakuna aliyegusa bukari, yaani ugali wetu, kabla baba hajamega tonge la kwanza. Na kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Si ya mgeni, si ya mtoto mpendwa, na ya mwanamke ndiyo kabisa haikuwazwa. Mama aliipika maisha yake yote ya ndoa, akaiweka juu ya nyama ya baba mahali inapoonekana, akafunika.

Kisha asubuhi moja ya kiangazi, baba alitaka kusimama na upande wake wa kulia haukusimama naye. Hospitali walimtunza vizuri. Maneno yalirudi, yakiwa yamepinda kidogo. Mguu ulirudi na fimbo. Mkono wa kulia ulibaki mapajani mwake, umelala, na alikuwa akiutazama kama mtu anayesubiri mgeni ajieleze.

Siku ya kwanza ya kurudi nyumbani tulipika kuku. Baba alikaa mahali pake. Nilimmiminia maji, akanawa mkono wa kushoto, wa kulia nikamnawisha mimi. Tukangoja tonge la kwanza. Alilitazama bukari, akautazama mkono wake, akatutazama sisi. Kwa mkono wa kushoto mtu hali mbele ya watu, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

"Mi nimeshiba," akasema.

Tangu siku ile alikula chumbani, mlango umefungwa. Tulijua anakula kwa mkono upi, na yeye alijua kwamba tunajua, na hakuna kilichonichoma moyo kama kusikia sahani ikisogezwa nyuma ya ule mlango. Mama ndiye aliyelazimika kumega tonge la kwanza mezani. Alilimega haraka haraka, bila kuinua macho. Firigisi aliendelea kuipeleka chumbani kila alipopika kuku, na kila mara ilirudi vilevile, nzima, katikati ya sahani tupu. Kwa kuwa haikuwa na mlaji mwingine, iliishia kwa mbwa wa jirani. Nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja tu: baba arudi mezani.

Alikuja kijana wa mazoezi ya viungo, ambaye hapa kwetu huitwa kine. Kijana mpole, mwenye adabu. Alisema vidole vinahitaji kazi kila siku, hasa kile kitendo cha kubana kwa gumba na kidole cha shahada, akaacha mpira wa sponji wa kuminya. Baba aliuminya mara moja kwa ajili ya heshima, na kine alipotoka aliutupa chini ya kitanda.

"Mi siko mutoto ya kuchezesha mupira," akasema.

Kine akashauri kijiko chenye mpini mnene. Nikakitafuta, nikakileta pamoja na chakula. Baba alikishika kwa kushoto, akakigeuza huku na huku.

"Bukari na kuyere?" akaniuliza. "Mi nimekuwa muzungu?"

Alikirudisha kwenye sinia kwa upole, na hilo liliniuma kuliko kama angalikitupa.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikuwa nimeutafuta. Kila kiangazi vumbi jekundu la malori huingia hata ndani ya kabati la vioo, na mimi huyafungua majitu yote, kiungo kwa kiungo, nikayaosha ndani ya beseni kwa sabuni ya unga, na kuyaanika barazani juu ya kitenge. Kwa mtu apitaye, ni kama kulitokea ajali. Baba alikuwa kwenye kiti chake, redio imezimwa kama alivyozoea siku hizo. Nilikuwa nimeanza kuunga Sentineli, mawazo yangu yako kwingine.

"Ile mukono umeipindua," baba akasema. "Itakunjama kwa nyuma."

Nikatazama. Kweli, kiwiko kilielekea mbele.

"Basi tata, unishikie hapa."

Nilisema bila kufikiri. Sikuwa na mpango wowote. Mikono yangu ilikuwa na povu. Nikampa kiwiliwili, akakibana kwa mkono wa kushoto dhidi ya tumbo lake. Nikampa mkono wa jitu, na kwa kuwa wa kushoto ulikuwa na kazi tayari, ulitoka ule wa kulia. Ulitoka polepole, unatetemeka, vidole vimekunjamana. Gololi iligusa kikombe, ikateleza. Ikagusa tena, ikateleza. Viungo vya Sentineli ni vigumu hata kwangu. Baba alishusha pumzi na kukiweka kile kiwiliwili chini, na nikaona ule mlango wa chumbani ukija usoni pake.

Hapo ndipo nilipolikumbuka la kahawia. Nililitoa nyuma ya pasi, nikaling'oa miguu na mikono, nikaviweka vipande mapajani mwa baba. Vile vikombe vilivyolegea, vilivyonifanya nilidharau, vilimeza gololi bila kuuliza swali. *Tak*, lakini *tak* ya chini kabisa, ya uchovu. Baba aliutazama ule mguu ulioingia mahali pake. Akaung'oa. Akaurudisha. Akaung'oa tena, na mimi nikageukia beseni langu nikasugua kipande ambacho kilikuwa safi tayari, kwa sababu sikutaka anione ninavyolia.

Tangu siku hiyo baraza letu likawa karakana. Niliyapanga majitu kuanzia lililolegea zaidi mpaka gumu kuliko yote, na baba akayapanda mdogo mdogo. Majitu madogo yasingetufaa. Viungo vyake ni punje za mtama, na vidole vile vingevimwaga tu. Kwa haya makubwa kidole kilipata mahali pa kukaa, gumba likapata pa kusukuma, na kile kitendo cha kubana ambacho kine alikiomba kikawa kinafanyika bila mtu kukitaja. Kine mwenyewe alipokuja na kutukuta, alichukua kigoda akakaa, akaomba naye apewe mguu mmoja auunge.

Sharti la baba lilikuwa moja: asisaidiwe. Kipande kikianguka chini ya kiti, aliinama mwenyewe na fimbo yake, akapapasa, na ole wako unyooshe mkono. Nilijifunza kukaa kimya, na kwangu kukaa kimya si kazi ndogo. Mama alitupita na ndoo yake, akichungulia.

"Tata, huyu amekupatia kazi gani? Anakulipaka?"

"Ananilipaka mukono," baba akajibu, bila kuinua kichwa.

Mama akaenda zake. Lakini nilimwona amesimama nyuma ya pazia la jikoni, ndoo bado mkononi, akiangalia vile vidole.

Bado baba hakurudi mezani. Bukari si plastiki, alisema nilipomgusia. Litamomonyoka mkononi mbele ya watu. Nikaacha.

Mwisho tulifika kwa jeupe. Viungo vyake vilikuwa vigumu kama siku vilipotoka kiwandani. Nilisitasita kumpa, nikampa. Alifanikiwa miguu yote miwili. Alifanikiwa mkono mmoja. Kwenye mkono wa pili alisukuma kwa nguvu zake zote, gololi ikiwa imepinda kidogo, na badala ya *tak* tukasikia *kra*. Kikombe cha bega kilikuwa kimepasuka kutoka ukingoni mpaka chini.

Wanaokusanya majitu wanajua kwamba kikombe kilichopasuka hakina dawa. Gundi haishiki hapo. Uso wangu ulisema hivyo, na nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama karibu na madumu ya maji mpaka hasira iishe. Ilikuwa hasira ya kweli. Nililipenda jitu lile, na lilikuwa zima peke yake kati ya wenzake wote. Niliporudi barazani, kiti kilikuwa kitupu. Baba alikuwa ameviweka vipande vyote juu ya kitenge, vimepangwa vizuri, bega bovu limetengwa pembeni.

Kupitia mlangoni akaniambia, "Nimekuulia mutoto yako."

"Tata, ni plastiki tu," nikamjibu. Ulikuwa uongo na wote wawili tuliujua.

Hakutoka kesho yake, wala keshokutwa. Sinia liliingia na kutoka. Majitu yalikaa kabatini na hakuna aliyeyagusa, na mkono, kine alituonya, unasahau upesi kuliko unavyokumbuka. Nilibembeleza mlangoni. Nilijifanya nimeshindwa kuunga Sentineli. Baba hakuwa mjinga.

Jumamosi mama alipika kuku. Alipakua chakula cha baba kama kawaida, akakifunika, akanikabidhi sinia huku uso wake ukiwa mkavu kabisa. Yeye mwenyewe akanifuata nyuma, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda. Akafunua sahani. Juu ya nyama, mahali penyewe, mahali ambapo firigisi ililala tangu waoane, palikuwa na bega jeupe la plastiki lililopasuka. Lilikuwa limeoshwa. Kando yake palikuwa na kibunda kidogo cha waya mwembamba wa shaba, kutoka sanduku lake la zamani la ufundi.

"Firigisi ya leo njo ile," mama akasema. "Utengeneze ile kwanza. Kiisha ile ya kuku itakuya."

Nilidhani baba atakasirika. Alilitazama lile bega ndani ya mchuzi, mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipata hofu kabla sijatambua kwamba anacheka. Alikuwa hajacheka tangu augue. Kicheko kilitoka kwa upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa chake.

"Huyu mama eko na kichwa nguvu," akaniambia.

"Si wewe ulimuoa," nikamjibu.

Alasiri yote aliifanya kazi hiyo barazani. Waya ule ni wa kusukia mota, mwembamba kama uzi, na huwezi kuuvuta kwa ngumi; lazima uubane kwa gumba na kidole cha shahada. Ulimponyoka. Akauokota. Alizungusha kikombe mzunguko kwa mzunguko, kila mmoja ukilala ubavuni mwa mwenzake, kama alivyozungusha maisha yake yote, isipokuwa sasa kila mzunguko ulimtoa jasho. Mama alileta makaa ya jioni, akawasha mbabula, jiko letu la makaa, wala hakupika chochote juu yake, alikaa tu hapo akipepea moto. Jua lilipoteremka bega lilikuwa na mshipi wa shaba, na gololi ikaingia. *Tak*.

Jeupe haliwezi tena kuinua mkono ule kupita bega. Wenzangu wanaokusanya wangeniambia thamani imeshuka, na wangekuwa na haki yao. Mimi nikiulizwa leo kwa nini kitu hiki kinafaa kukusanywa, ndilo ninalolitoa kabatini, na la kahawia ndilo linalosimama mbele ya yote, limeegemea kioo maana halijajifunza kusimama.

Jumapili yake, tuliporudi kanisani, mama aliandaa meza. Mlango wa chumbani ukafunguka na fimbo ikatangulia. Baba akakaa mahali pake. Nikamletea maji. Akaleta mikono yote miwili chini ya birika, akaisugua mwenyewe.

Tukangoja. Mkono wa kulia uliingia kwenye bukari. Tonge la kwanza lilimomonyoka, likaanguka. Hakuna aliyemsaidia, lilikuwa sharti lake, na tulilishika. Akamega jingine dogo zaidi, akalibana, akalibana, akalichovya katika sombe, mboga ya majani ya muhogo, likafika mdomoni. Ndipo sisi tukaanza kula.

Firigisi ilikuwa juu ya nyama yake, mahali penyewe. Inateleza kuliko gololi yoyote. Iliponyoka ikarudi mchuzini, akaifuata, akaiinua kwa gumba na kidole cha shahada. Akaing'ata nusu. Ile nusu nyingine hakuila. Aliipitisha juu ya meza, akaiweka juu ya bukari la mama.

"Mi?" mama akauliza. "Mwanamuke anakulaka firigisi wapi?"

"Kula. Wee njo ulinipatia ile ingine."

Mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye ningetoa ruhusa. Kisha akageuza uso upande wa jikoni, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu, muda mrefu. Kitu alichokipika tangu ni bibi harusi, hakuwahi kukionja.

"Kumbe inakosaka chumvi," akasema. "Miaka yote ile, na haukusemaka."

Baba akanyoosha mkono wake wa kulia, akachukua kikopo cha chumvi, akamsogezea.